Dumu Lililopaswa Kupanda

Vukosav Pipić alikuwa na shahada mbili, na zote mbili alijitunuku mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya udaktari wa mifugo, akaiacha baada ya ng'ombe mmoja kuipinga kwa mateke. Ya pili ilikuwa ya uhandisi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha siku alipoingia mjini kwetu Krnjačevo, mwezi wa Septemba, akiendesha kigari cha rangi ya yai ambacho kwake kilikuwa nyumba, ofisi, kabati la nguo na, kiti cha nyuma kikikunjwa, kitanda pia.

Aliingia kafana, mkahawa wetu wa njia panda, kunywa kahawa. Nataka nimtendee haki: hakuja kuiba. Alikuja kunywa kahawa tu, na kama kwenye meza ya jirani asingekuwa amekaa Mwalimu Ljubivoje, huenda angelipa, akaondoka, na hadithi hii ingeishia kwenye kikombe.

Mwalimu Ljubivoje alifundisha fizikia kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, lakini hakuna aliyempa habari kwamba kipindi kimekwisha. Siku hiyo alikuwa akiwaeleza wanywaji kwa nini treni ya mchana imechelewa tena.

"Reli ni chuma," alisema, kidole juu. "Chuma kikipata joto kinatanuka. Kila kitu kikipata joto kinatanuka. Hamzioni nyaya za simu? Kiangazi zinalegea mpaka kuku wanarukia juu, baridi ikija zinakaza. Ni sheria ya dunia hiyo."

"Kila kitu, mwalimu?" aliuliza Vukosav kwa sauti ya mtoto mwema aliyekaa dawati la mbele.

"Kila kitu."

"Hata mpira?"

"Mpira umetoka sayari gani, jirani? Si uko dunia hii hii?"

Kafana nzima ikacheka. Vukosav alicheka kuliko wote, na huku akicheka macho yake yalikwisha kuvuka barabara. Upande wa pili, chini ya nyumba ya ghorofa moja yenye roshani, bibi mmoja mnene aliyefunga kitambaa cheusi kichwani alikuwa akisugua kwa siki na majivu mtambo wa shaba wa kupikia rakija, pombe yetu kali ya plamu. Ulikuwa mtambo wa kizamani, wa shaba nene, na jua lilivyoupiga uling'aa mpaka ukamtia Vukosav kiungulia.

Bibi huyo alikuwa Stamena, mjane, na mtambo huo ulikuwa wa pekee uliobaki Krnjačevo. Plamu za mji mzima zilipitia humo. Na mwezi huo plamu zilikwisha kuanza kudondoka zenyewe, mapipa yamejaa, matunda yanachachuka, kila nyumba inangoja zamu yake kwa Stamena. Bila mtambo ule tungekuwa na mji uliojaa matope ya plamu na nzi, na watu wazima wakinywa chai majira yote ya baridi. Vukosav hayo hayakumhusu. Yeye alijua tu kwamba Belgrade kuna watu wanaonunua shaba bila kuuliza ilitoka wapi.

Sasa sina budi kuwaeleza jambo ambalo mwalimu wetu hakulijua. Chukua utepe wa mpira, uning'inize, uupe mzigo mzito mpaka uvutike mara mbili ya urefu wake. Kisha upashe moto. Hautatanuka. Utajifupisha, na utaunyanyua ule mzigo juu, mbele ya macho ya watu wenye akili zao. Lakini mzigo ukiwa mwepesi, mpira haujivuti, na hapo joto linaurefusha kama reli ya treni. Siri yote iko kwenye uzito. Vukosav aliigundua siku moja alipofunga godoro juu ya gari kwa vipande vya tyubu, akaacha gari juani, na aliporudi akakuta godoro limebanwa kama mgonjwa wa kiuno. Mtu mwingine angelikaza upya godoro na kuendelea na safari. Yeye alikaa kando ya barabara akafikiri mpaka jua likazama, na tangu hapo ameingiza mjini watu wa miji kumi na mmoja kwa pasi ya chuma, kikausha nywele na utepe wa mpira. Alikwisha kushinda akordioni, nguruwe wawili, turubai, na nusu ya meno ya dhahabu ya kinyozi mmoja, ambaye nusu nyingine alisamehewa kwa huruma.

Alikwenda kwenye gari, akarudi na utepe mweusi uliokatwa kutoka tyubu ya trekta, mrefu wa kumfunga fahali. Akauweka mezani kwa heshima.

"Mwalimu," alisema, "mimi ni mhandisi. Na sisi wahandisi tunasema hivi: utepe huu ukipata joto, unajifupisha."

"Wahandisi wa wapi hao?"

"Wa uhandisi wa juu."

"Juu ya nini?" aliuliza Obrad, mpiga kengele wa kanisa, mtu mkweli ambaye huuliza tu anachotaka kujua.

"Juu ya elimu ya kawaida, ndugu yangu. Sitaki ugomvi na mtu. Lakini kama kuna anayebisha, funguo za gari langu hizi hapa."

Akaziweka juu ya utepe. Mtu mmoja akatoa bata bukini. Mwingine akatoa baiskeli isiyo na mnyororo, na mwenye kafana akaahidi kumlisha supu mpaka Pasaka. Vukosav alikataa kila kimoja kwa uchungu, kama mtu anayekataa kuoa binti wa watu. Kisha, polepole, macho yakavuka tena barabara.

"Ule mtambo," alisema, "ni wa nani?"

"Huo usiutaje!" watu walisema kwa pamoja.

Lakini Stamena alikwisha kuvuka. Mji wetu ni mdogo, na neno "mtambo" halihitaji simu. Aliingia akipangusa majivu kwenye aproni, akasikiliza, akauokota ule utepe. Akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu ghafla, akaugusisha mdomo wa juu. Akauachia. Akaugusisha tena.

"Mpira mzuri," alisema. "Tyubu ya trekta?"

"Ya trekta, mama."

"Gurudumu la nyuma."

"La nyuma, mama. Umejuaje?"

"Nimebahatisha tu." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, una hakika vitu vinatanuka?"

"Kama nilivyo na hakika kwamba naitwa Ljubivoje."

"Basi mimi ni nani nibishane na shule. Nina miaka sitini na tisa, plamu nasukuma kwa toroli, na kigari hiki kina mlango mkubwa nyuma. Natia mtambo."

Kulizuka kelele ya msiba. Kila mtu alikuwa na pipa lake nyumbani linalotokota, na kila mtu aliuona mtambo umekwisha kupakiwa. Mwenye kafana alimwomba Stamena amfikirie marehemu mumewe. Stamena alisema marehemu alikuwa anapenda magari. Mwalimu naye, ambaye heshima yake ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa imening'inizwa kwenye utepe wa tyubu, alipanda juu ya kiti akaapa kwamba mtambo hauwezi kupotea labda sayansi yote ife, na akifa yeye kwanza azikwe na kitabu chake cha darasa la saba.

Wakaweka masharti. Mashindano yawe keshokutwa, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, ambayo pia ni siku ya mtakatifu mlinzi wa nyumba ya Stamena, kwa hiyo mashahidi watakuwepo wenyewe bila kuitwa. Utepe ufungwe kwenye roshani yake. Moto hautahitajika, kwa kuwa ukuta ule hupigwa na jua kuanzia saa saba, na mpira mweusi juani huwa wa moto wa kukuunguza mkono. Chini ya mzigo ichorwe mstari wa chaki ukutani. Saa tisa kamili mzigo ukiwa juu ya mstari, mhandisi kashinda. Ukiwa chini, kashinda Stamena.

"Mzigo gani sasa?" alisema Obrad. "Tutie mawe?"

Vukosav angeitikia hapo, leo angekuwa tajiri. Lakini alikuwa ameionja rakija ya Stamena kwenye kikombe cha kahawa, ile ya mwaka juzi, na ulimi ukamzidi akili.

"Mawe ni ya kaburini," alisema. "Hii ni sikukuu. Tuning'inize dumu la rakija, lita ishirini, na mshindi aondoke nalo."

Mji ulimpenda kwa sentensi hiyo. Mwalimu peke yake ndiye aliyekunja uso, akauliza kama uzito wa dumu unaweza kuharibu jaribio. Vukosav akacheka, akamshika bega.

"Mwalimu wangu, uzito ni pambo tu. Linalohusika ni joto. Andika hivyo: uzito hauna maana yoyote."

Mwalimu akaandika. Vukosav akaongeza sharti moja la mwisho, kwa usalama wake mwenyewe: atakayeligusa dumu kwa mkono kabla ya saa tisa, awe nani, upande wake umeshindwa. Wote wakatia sahihi, na Obrad, kwa ukweli wake, akachaguliwa mlinzi.

*

Siku ya sikukuu, saa tatu asubuhi, ukuta ukiwa bado kivulini, Vukosav alipanda roshani akaufunga utepe kwa mikono yake, urefu uliobaki akauzungusha kwenye ukingo. Kisha akashuka kusimamia. Dumu lilikuwa la plastiki ya bluu, zito la rangi, halionyeshi kilichomo. Wanaume wawili walilinyanyua, wakalifunga, wakaliachia. Utepe ulivutika, ukanyooka, ukawa mwembamba na mkavu kama kamba ya gitaa, ukatulia. Mwalimu akachora mstari wa chaki sawasawa na kitako cha dumu. Obrad akaweka kiti chini yake, akakaa, akakunja mikono.

Vukosav alikusudia kukaa hapohapo mpaka saa tisa. Alikuwa amekuja na gazeti. Lakini Stamena alimshika kiwiko.

"Mgeni hasimami nje ya nyumba yangu siku ya mtakatifu. Unataka nilaaniwe?"

"Mama, mimi niko sawa hapa."

"Mimi siko sawa. Ingia."

Mtu aliyezaliwa kwetu anajua kwamba hapo hakuna rufaa. Kwenye sikukuu ya nyumba mgeni hafukuzwi, na asiyekaa amemtukana mwenye nyumba, wazazi wake na mtakatifu. Akaingia. Padri alikata mkate, wakasimama, wakaimba, wakakaa. Ikaja ngano ya kuchemsha yenye sukari. Ikaja supu. Ikaja sarma, zile kabichi zilizoviringishiwa nyama, akala sita, Stamena akamuuliza kama ni mgonjwa, akala nne nyingine. Kuinuka mezani kabla nguruwe wa kuchoma hajaja ni aibu kubwa, na nguruwe siku hiyo hakuwa na haraka.

Vukosav hakuwa na wasiwasi. Kwenye dirisha alimwona Obrad kitini, na juu ya Obrad kitako cha dumu kiko mstarini. Wageni walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Mmoja alikwenda kumtazama farasi. Mwingine alikwenda kuvuta sigara, na huyo havuti. Walirudi wamechangamka, mashavu yamewiva, wakimpigapiga mgeni mgongoni. Kilichomshangaza kidogo ni kwamba rakija ya mezani ilibaki vilevile kwenye vikombe, hakuna aliyeitaka. Akaona pengine ni watu wa dini sana.

Nisiwafiche. Obrad ni mkweli, lakini ni mkweli wa Krnjačevo. Siku ya sikukuu ya nyumba kila apitaye mlangoni lazima akirimiwe, hiyo nayo ni amri, na watu walipita. Mtu wa kwanza alimsalimia Obrad, akatazama juu, akauliza kama dumu lile ni lile la mwaka juzi. Obrad alijibu kweli, kwa sababu hawezi vinginevyo. Wakalitazama pamoja kwa muda. Sharti lilikataza kuligusa kwa mkono. Mrija wa kunyonyea rakija pipani si mkono. Padri alipotoka kupunga hewa aliulizwa, akafikiri, akasema kwamba kwa kadiri anavyoelewa maandiko, mrija kweli si mkono, kisha akaomba autazame kwa karibu. Kifuniko cha dumu kilifunguliwa na upepo. Hayo ni kwa mujibu wa Obrad.

Mimi nilitoka mara mbili. Ya tatu siihesabu, nilikuwa nimemsindikiza mwalimu.

Tatizo moja lilijitokeza mapema. Kila lita ilipopungua, mpira ulipata nafuu, na dumu likapanda, tena si kwa joto bali kwa aibu yetu. Kitako kikauacha mstari. Hapo ndipo Obrad alipokohoa, na ndani Stamena akainuka.

"Nakwenda kuangalia nyama," alisema.

Tukasikia hatua zake zikipanda ngazi. Juu ukingoni akaulegeza ule utepe uliobaki, akaufungua zungusho moja, dumu likashuka mpaka mstarini, Obrad akanyamaza. Baada ya robo saa akakohoa tena.

"Nyama," alisema Stamena, akainuka.

"Kwani jiko liko ghorofani, mama?" aliuliza Vukosav, mdomo umejaa.

"Nguruwe huyu anataka kuangaliwa pande zote, mwanangu."

Obrad alizidi kukohoa. Vukosav, ambaye si mtu mbaya akishiba, alimhurumia.

"Mlinzi wetu anaumwa?"

"Kifua," alisema padri. "Tangu jeshini."

Nguruwe aliletwa saa saba na nusu, ngozi inalia kama karatasi. Wakati huo kikohozi kilikuwa kimekoma kabisa, na hapo ndipo watu wote walipotulia mezani, wakala kwa heshima.

*

Saa nane u nusu mji mzima ulisimama barabarani. Jua lilikuwa limeujaa ukuta. Vukosav alitoka akichokoa meno, tumbo mbele, akiwaza atakavyoufunga mtambo juu ya gari. Akainua macho.

Dumu lilikuwa mstarini, hilo ni kweli. Lakini lilikuwa linacheza. Upepo ulikuwa mdogo, wa kusogeza majani tu, na dumu la lita ishirini lilikuwa linayumba na kuzunguka polepole, mara kushoto mara kulia, kama nguo iliyoanikwa. Utepe juu yake haukuwa mwembamba tena. Ulikuwa mnene, umening'inia kivivu, hauna dhiki yoyote.

Vukosav akasogea karibu na ukuta.

"Mbona linacheza?" alisema.

"Sikukuu," alisema Obrad.

"Limekuwa jepesi! Lishusheni, tulipime!"

"Atakayeligusa kabla ya saa tisa," alisema mwalimu, akifungua karatasi na kuiweka mbali kidogo na macho ili aisome sawasawa, "upande wake umeshindwa. Sahihi, Vukosav Pipić, mhandisi."

"Lakini uzito umepungua, mwalimu! Uzito!"

"Uzito ni pambo tu," alisoma mwalimu. "Uzito hauna maana yoyote. Sahihi, yule yule."

Vukosav alisimama pale nusu saa nzima akiutazama mpira wake, na ninawaambia sijawahi kumwona mtu akiomba kwa moyo namna ile, na yeye alikuwa ametoka kula na padri. Aliomba utepe ukumbuke. Utepe ulikuwa juani, una joto la kutosha, umefanya kazi miji kumi na mmoja bila kumwangusha hata siku moja. Lakini haukuwa na mzigo, na mpira usio na mzigo haumjui mtu.

Obrad alikwenda kupiga kengele. Ilipolia mara ya tatu, mwalimu akasogea ukutani na rula. Kitako cha dumu kilikuwa chini ya mstari wa chaki, unene wa kidole kizima.

"Umetanuka!" alipiga kelele mwalimu, na machozi yakamtoka. "Umetanuka, watu wangu! Kama reli! Kama nyaya!"

Watu walirusha kofia. Wenye mapipa walikumbatiana. Mwalimu alinyanyuliwa juu, akabusiwa na wanafunzi wake wa zamani ambao aliwahi kuwafelisha wote.

Hapo Vukosav akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu alipoanza kuongea. Alipanda juu ya boneti ya gari lake na kusema ukweli.

"Nisikilizeni!" alisema. "Mimi si mhandisi. Mimi ni tapeli, nimewalia watu vitu vyao miji kumi na mmoja. Lakini mpira kweli unajifupisha! Naapa! Ukiuvuta sana ukaupasha moto unajifupisha, na nyinyi mmeunywa mzigo! Leteni maji, leteni mawe, niwaonyeshe sasa hivi!"

Watu walimtazama kwa huruma. Bibi mmoja alijifanyia ishara ya msalaba.

"Jirani," alisema mwalimu kwa upole, kwa kuwa mshindi anaweza kumudu upole, "umeona kwa macho yako mwenyewe. Mbona unajitesa?"

"Basi lishusheni dumu! Saa tisa imepita. Ziko wapi lita ishirini?"

Lilishushwa. Obrad aliligeuza juu chini. Likadondosha tone moja, likatafakari, halikudondosha la pili. Barabara nzima ikaanza kutazama viatu vyake. Mimi vyangu vilikuwa na tope la plamu pembeni, nakumbuka vizuri. Ni mwalimu aliyetuokoa. Alinusa kwenye mdomo wa dumu, macho mekundu kidogo, akasimama wima.

"Imevukiza," alisema. "Pombe ikipata joto huvukiza. Darasa la nane, muhula wa pili."

"Yote?" alilia Vukosav.

"Kulikuwa na joto sana."

Vukosav akashuka kwenye boneti. Alimtazama mtu mmoja mmoja, mwisho akamtazama Obrad, mkweli, na Obrad akakohoa.

Stamena alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake akifunga chakula cha njiani kwenye kitambaa, kwa sababu mgeni wa sikukuu haondoki mikono mitupu hata akiwa amepoteza gari. Vukosav akamwendea, akampa funguo. Zilimtoka mkononi kwa shida. Humo garini mlikuwa na godoro lake, mashati yake na miaka yake tisa ya barabarani.

"Vitu vyako nimekwisha kuvitoa," alisema Stamena. "Viko chini ya ngazi, nimevikunja. Keti. Usimwambie mwalimu nitakalokuambia, ni mtu mzee, ataugua." Akashusha sauti. "Miaka ishirini na sita nilikuwa kiwandani, natengeneza mabuti ya mpira. Ule mpira nimeuvuta nikauweka mdomoni kusikia unavyopata joto kabla wewe hujaota meno. Siku ya kwanza tu kafana nilijua unachotaka, na nikajua utakipata, kama ungetia mawe."

Vukosav aliketi kizingitini. Alipojibu, hakuwa na hasira tena. Alikuwa na swali la kitaalamu, kutoka kwa mtu wa kazi hiyohiyo.

"Mama, nieleze kitu kimoja tu. Mimi nimelala nyumba nyingi, na kila mahali watu wakiiba pombe dumuni, wanajaza maji. Kila mahali! Nilivyowaona wanatoka na kurudi nilijisemea, wacha wanywe, watajaza maji, uzito utabaki uleule. Kwa nini hamkujaza maji?"

Stamena alimgeukia taratibu. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikaona uso ule mwema wa siku nzima ukibadilika na kuwa jiwe.

"Maji?" alisema. "Kwenye rakija? Siku ya Bikira, mlangoni kwangu?"

"Nilikuwa nauliza tu, mama."

"Nimekulisha mezani kwangu, na wewe unatuona sisi ni watu wa kutia maji kwenye rakija!"

Akakivuta kile kifurushi kutoka magotini kwake, akakifungua, akalitoa paja la nguruwe alilomfungia, akaliweka pembeni. Kisha akafunga upya mkate na kabichi, akamrudishia, akamwonyesha kituo cha treni kiko upande gani.